Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Nyimbo utakazosikia leo ni za bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi, NUTA, ndicho kilichonunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara. Kwa hiyo chama kilipobadili jina, bendi nayo ilifuata: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz. Siku hizi ni Msondo Ngoma, jina la mtindo wake wenyewe. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake walihamia bendi nyingine, Mlimani Park. Bendi ikajaza nafasi, ikaendelea. Gurumo alirudi baadaye, na alifariki mwaka 2014.

Mheshimiwa, utamu wa Msondo uko kwenye magitaa. Wimbo huanza taratibu ili maneno yasikike, halafu unaingia kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, na hapo ndipo wanaojifunza wengi hupotea. Gitaa la solo hupiga juu. Gitaa la pili, second solo, hujibu katikati, kwenye mianya ambayo solo imeiacha. Gitaa la rizimu hushika mwendo, na gitaa la besi huacha kimya kidogo ili ngoma za tumba zipumue. Kosa la kawaida ni second solo kupanda juu na kumfuata mwenzake: magitaa mawili yanakuwa moja, na chemko linapoa. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya rizimu na second solo peke yao, polepole, mpaka yashikane, ndipo solo iingie.

Wapulizaji nao wana lao. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G kwa gitaa, tarumbeta na saksafoni ya tenor hupiga A, saksafoni ya alto hupiga E. Asiyelijua hilo atadhani chombo chake kibovu, kumbe ufunguo ndio tofauti. Na kwa joto letu la pwani nyuzi hulegea upesi, kwa hiyo gitaa lipimwe tena kabla ya kupanda jukwaani, hata kama lilipimwa asubuhi.

Ugumu wetu mkubwa ni kusikia. Rekodi za zamani za Radio Tanzania zilifanywa bendi nzima ikipiga pamoja mbele ya mikrofoni chache. Tarumbeta zikiingia, rizimu inazama kabisa, na tunabaki kubahatisha vidole vya mpigaji. Wazee wanaozijua sehemu hizo wapo, ila umri unasonga.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata rekoda ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne kila moja peke yake, mikrofoni nne pamoja na nyaya na stendi zake, na nauli ya kuwaleta wazee hapa shuleni. Kila mzee apige sehemu yake peke yake: mara moja kwa mwendo wa kawaida, mara moja polepole. Kopi moja itabaki maktaba, nyingine atapewa mzee mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.