HPV inayong'ang'ania: wanawake wa vijijini wapimwe tena

Ndugu Mhariri,

Kila Januari, mwezi wa kampeni za saratani ya mlango wa kizazi, tunasoma ushauri ule ule: mwanamke atulie na mume mmoja, mabinti wasianze ngono mapema. Si uongo. Ila ukiishia hapo unamgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa, na jambo lenye uzito linabaki halijasemwa.

Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha saratani hii, humpata karibu kila aliyewahi kujamiiana. Aliyetulia na mume mmoja anaweza kuletewa na mume huyo huyo. Kwa wanawake walio wengi mwili hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila dawa, na mwenyewe asijue kama aliwahi kuwa nacho. Shida ni kwa wale ambao kwao hakiondoki. Hao wanaweza kufikia saratani baada ya miaka 15 hadi 20, na kinga ya mwili ikiwa dhaifu hata miaka mitano hadi kumi inatosha.

Kwa nini king'ang'anie kwa huyu na si kwa yule? Aina ya kirusi ina sehemu yake: HPV 16 ni sugu, na ikijumlishwa na 18 ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Sigara nayo imo. Lakini kubwa ni kinga. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU, hasa akichelewa kuanza ARV. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, kama klamidia, nayo yanahusishwa na kirusi kukaa, na uzazi wa mara nyingi huongeza hatari ya kirusi kilichokaa kugeuka saratani.

Sasa mchukueni mke wa mkulima wa korosho kule Kusini: uzazi wa saba, hali yake ya VVU aliijua kwenye mimba ya mwisho, na zahanati iliyo karibu haina wa kumpima mlango wa kizazi. Umalaya uko wapi hapo?

Sisi wa Mbagala tunawajua, maana tunawapokea. Mama yangu mdogo alikoma hedhi zamani, kisha akaanza kutokwa damu. Kila alipokwenda zahanati ya kwao alirudi na vidonge vya UTI. Alipofika kwangu alikuwa anakaa upande mmoja wa kiti, na kanga ya pili kaifunga ndani kwa ajili ya harufu. Hospitali ya saratani ya Ocean Road walimpokea vizuri, ila ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Chanjo ni jambo jema. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na sasa ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mama zao haiwahusu.

Kwa hao mama kinachohitajika ni kipimo, na kipimo chenyewe kirudiwe. Kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho ni rahisi na kumeokoa wengi, lakini kunaonyesha mabadiliko tu, hakusemi kama kirusi kipo, na kwa waliokoma hedhi hakuaminiki sana. Kipimo cha vinasaba vya HPV ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendekeza, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wenye VVU. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, nyuma ya pazia, bila kumvulia mtu nguo. Kwa vijijini, ambako muuguzi huenda ni mkwe au jirani, hilo si dogo.

Naiomba wizara ianzie kliniki za CTC, zile za wenye VVU, kwa kuwa wanawake wale tayari wanakuja kuchukua dawa. Atakayekutwa na kirusi lakini hana mabadiliko apangiwe tarehe: baada ya mwaka mmoja kama ana VVU, miwili kama hana. Tarehe iandikwe kwenye kadi yake, na mhudumu wa afya wa kijiji awe na orodha ya wa kufuatwa. Na majibu yatumwe kwa simu. Haingii akilini mtu auze kuku alipie bodaboda kwenda wilayani, afike aambiwe majibu bado.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam