Kwani nimejifungua lini?

Soweto, Moshi
Julai 14

Mpendwa Aneth,

Barua yako ya kutoka Ngaramtoni nimeipata, pamoja na habari za Baba: chai na mkate asubuhi, mchana na jioni. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana hayo hayo yamenikuta na Mama mwaka huu.

Ilianza na sketi. Alipotoka Kibosho mwezi wa pili kuja kukaa nami, sketi yake ya kanisani aliifunga kwa pini moja. Kufika Pasaka, pini mbili. Nikasema basi, ndio uzee. Halafu siku moja natoa vyombo, nikakuta kwenye ukingo wa sahani yake vipande vitatu vya nyama vimetafunwa mpaka vimekuwa vyeupe, vimepangwa vizuri kama mbegu za chungwa. Kumbe hamu anayo. Magego ndiyo yamekwisha, na kusema aliona aibu.

Kliniki mzani ulisoma kilo 53. Kadi ya mwaka jana ilikuwa 58. Afisa lishe, binti mdogo tu, akanikatisha nilipotaja uzee: mzee akipungua kilo hizo bila kukusudia, sababu itafutwe. Wakampima sukari na mengineyo, yote salama. Ndipo akaniambia nisilolitegemea, kwamba mzee anahitaji protini nyingi kuliko sisi, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa sababu misuli yake inayeyuka. (Mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu yake, amuulize daktari.) Sasa yai moja lina gramu kama 6. Piga mwenyewe hesabu ya mkate na chai.

Nikarudi kwenye mtori, chakula cha mama aliyejifungua. Ndizi mshare, nyama iliyochemka mpaka inachambuka yenyewe, vyote nikavisonga na maziwa. Mama akalitazama bakuli, akanitazama mimi: "Kwani nimejifungua lini?" Lakini alilimaliza, akafuta na kijiko pembeni. Dagaa nazikaanga kavu, natwanga, namwagia kwenye mboga ya mnafu. Mifupa inaingia humo humo na hakuna cha kutafuna. Unga wa uji wa kuchanganya vitu saba niliununua mara moja. Sijui zile karanga zilikaa muda gani, ulikuwa mchungu, na kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, niliumwaga wote. Sasa ni ulezi mtupu, maziwa naongeza mezani.

Vita vyetu ni kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage. Unamjua Mama, kiburu bila magadi kwake si kiburu. Na presha anayo. Magadi yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, na chumvi yote ya siku haitakiwi kufika gramu 5, yaani kijiko cha chai. Nikaanza kuloweka maharage usiku kucha ili yaive bila magadi, nikanyamaza. Tonge la kwanza tu akajua. Alininunia siku mbili, Aneth! Tumepatana: chembe kidogo, Jumapili tu.

Na baridi hii ya Julai, mlima hatujauona wiki nzima, maji hayagusi. Anasema hana kiu, na ni kweli, kiu hupungua na umri. Namwekea chupa ya maji ya moto na kikombe pale anapokaa, asiamke. Chai ya rangi nimeisogeza saa kumi, maana ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma.

Ila kuna siku nilimpakulia vizuri, nikaenda zangu Mbuyuni sokoni, nikarudi bakuli halijaguswa. Mtori umeganda juu. Nikaupasha, nikajipakulia na mimi kidogo, nikakaa. Akala wote huku akinisimulia habari za ng'ombe wa marehemu baba yake. Tangu hapo mchana nakula naye, hata kama nimeshiba.

Kwa hiyo nakuuliza, Baba anakula na nani? Ukienda Jumamosi usimuulize kama anakula, atakwambia anakula. Mtazame mkanda, amefunga tundu la ngapi. Kisha uniandikie.

Mama anakusalimu. Anasema ukija, uje na mtindi wa kibuyu, na usiniambie mimi habari ya magadi utakayomletea.

Ni mimi wako,
Mama Glory