Mstari wa juu kwenye karatasi ya damu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya maradhi ya moyo. Habari za lehemu (kolesteroli), shinikizo la damu, kisukari na sigara mmezieleza vizuri na sina la kupinga. Ninaomba nafasi kwa ajili ya jambo ambalo mimi mfanyakazi wa maabara naliona kila siku likipita bila mtu kuliuliza: hesabu ya chembe nyeupe za damu.

Anayepimwa picha kamili ya damu hutolewa damu kidogo, ikatiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Mashine ikishahesabu, karatasi hutoka, na mara nyingi chembe nyeupe ndizo zinazokaa mstari wa juu. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Namba ikiangukia humo, macho ya wote hushuka moja kwa moja kwenye wingi wa damu.

Baba yangu alikuwa na 9,800. Tuliambiwa ni kawaida, karatasi ikakunjwa, tukarudi nyumbani. Alikuwa amevuta sigara zaidi ya miaka thelathini, na siku ile hakuna aliyemwuliza. Miezi michache baadaye alipata mshtuko wa moyo. Sidai kwamba namba ile peke yake ingemwokoa. Lakini sigara hupandisha chembe nyeupe, na kama mtu angesimama kwenye ile 9,800 japo kidogo, swali la sigara lingekuja lenyewe.

Si jambo geni. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wingi wa chembe hizi hutangulia mshtuko wa moyo. Mwaka 2005 yakachapishwa matokeo ya wanawake zaidi ya 72,000 wa huko huko, wenye miaka 50 hadi 79. Waliokuwa na 6,700 au zaidi walikufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango kinachozidi maradufu ya wale wenye hesabu ya chini kabisa, hata baada ya sababu nyingine kuzingatiwa. 6,700, Mhariri! Hapo ni katikati ya kawaida.

Sababu yake inaeleweka. Lehemu inapojipenyeza kwenye ukuta wa ateri, chembe nyeupe huifuata na kuimeza. Zikivimbiwa hubaki humo humo na kuita nyingine, ukuta ukawaka na kunenepa. Siku ganda la juu likipasuka, damu huganda pale pale na njia kuziba. Mwaka 2017 dawa inayotuliza mwako huo ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata mshtuko, ikapunguza matukio mapya bila kugusa lehemu. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka kwa walioitumia, maana chembe hizi ndizo askari wetu.

Wala asiogope mtu kwa namba ya siku moja. Mafua, ujauzito, mazoezi makali, hata baadhi ya dawa huzipandisha. Tena watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na hesabu ya chini kidogo na wako wazima kabisa, kwa hiyo 9,000 ya mmoja si 9,000 ya mwingine. Mimi hutazama mwendo: mtu aliyezoea 4,500, leo ana 8,500, miezi mitatu baadaye vile vile, na haumwi chochote. Huyo aulizwe juu ya sigara, apimwe shinikizo, sukari na lehemu.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wenu wasitupe karatasi zao za zamani, waende nazo kwa daktari. Na wenzangu wa maabara, tuchape jibu lililopita kando ya jipya. Za baba yangu nilizikuta mbili ndani ya droo, za miaka miwili tofauti. Ya kwanza ilisoma 6,100.

Wako,
Mfanyakazi wa maabara