Mama, lile jiko la chumbani kwa mzazi

Asalaam aleikum Mama, shikamoo, na bibi pia mshikieni miguu kwa niaba yangu. Natumai huko Lamu wote wazima, mzazi na kichanga chake wanaendelea vizuri. Sisi hapa Yorkshire alhamdulillahi, baridi tu, saa kumi jioni giza lishaingia.

Nyumba tuliyohamia ina meko ukutani pale sebuleni na dohani yake yapanda hadi juu ya paa. Nikasema moto naujua, nimekulia jiko la darini na kuni za mkoko, lakini wiki ya kwanza moshi ukatujaa ndani macho yakawasha ikabidi tufungue madirisha na baridi yote ile. Mzee jirani akaja akazitazama kuni akasema hizi mbichi, ana kidude cha sindano mbili ukikidunga kwenye kuni chakwambia maji yaliyobaki, yasizidi asilimia 20, na hapa England tangu 2021 sheria yakataza kuuza mafurushi madogo ya kuni mbichi zaidi ya hapo. Kuni mbichi moto wake waishia kukausha maji, joto hulipati, na moshi waganda ndani ya dohani kama lami mpaka siku moja yashika moto huko huko juu, ndo mana kila mwaka lazima ifagiliwe.

Tukanunua kichaga cha chuma cha kuinulia kuni hewa ipite chini, wavu wa mbele wa kuzuia cheche, na koleo kama lako la kutilia kaa kwenye chetezo ila hili refu. Na ndoo ya chuma yenye mfuniko, ya jivu. Hii nimeijua kwa machungu, jivu la jana niliona limepoa nikalitia ndoo ya plastiki, asubuhi ndoo imeyeyuka na ubao wa sakafu umeungua. Kaa likifunikwa na jivu laweza kukaa na moto siku kadhaa Mama. Nyinyi mliouona moto wa 1982 hapo mjini cheche mwazijua kuliko mimi.

Lakini kilichonifanya niandike ni alamu ya kaboni monoksaidi, imetundikwa humu sebuleni. Hiyo ni gesi haina rangi haina harufu, hutoka kuni au makaa yakiwaka na hewa haitoshi, mtu aumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, alala na haamki tena. Na makaa yakishakolea hayana moshi, mtu ataona yako salama kumbe ndo yenye gesi hiyo kwa wingi. Nikakumbuka chumba cha dada, jiko chini ya kitanda, mlango na madirisha yamefungwa upepo usimpige, na mtoto wa siku 12 yumo. Usiku ule sikulala.

Najua arobaini ya uzazi ina taratibu zake na sitaki anyimwe joto. Jiko likae nje uani kwenye kiwanda, maji ya kumkanda yachemshwe huko, akishafukizwa chetezo kitolewe, usiku ajifunike blanketi mbili. Msiseme tutaacha dirisha wazi kidogo, haitoshi kulala na makaa.

Alamu mbili za betri nishazinunua, binamu atakuja nazo mwezi ujao, ila jiko litoke leo leo. Nitapiga simu baada ya ishaa, bibi awe karibu nimuombe mwenyewe.