Barua kwa Mama Kulwa: muuzaji naye ana haki ya ushindani

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa mpendwa,

Habari za Dar na joto lake? Sisi huku hatujambo. Mwezi mkubwa umewaka, kwa hiyo dagaa ni haba na bei iko juu, lakini tunakula. Barua yako nimeisoma yote, na ile sehemu ya sheria ya ushindani, hii inayowazuia wafanyabiashara kupatana bei au kulimeza soko, siwezi kuiacha ipite hivihivi. Unasema kazi ya sheria hiyo ni moja tu, kumlinda mlaji asiuziwe ghali, na kwamba lengo lingine lolote ni kuingiza siasa. Wewe ndiye uliyeisomea, nami nakuheshimu kwa hilo. Lakini sikubaliani nawe, na sababu yangu iko hapahapa ziwani.

Shemeji yangu anavua sangara upande wa Igombe. Nyavu na injini kakopeshwa na wakala, kwa masharti kwamba samaki wote waende kwa wakala huyohuyo mpaka deni liishe. Boti ya kukusanya inafika asubuhi na barafu yake. Samaki wanatundikwa kwenye mizani, karani anaandika daftarini, na bei imeshatoka kiwandani tangu jana. Siku moja nikiwapo, kijana mmoja asiye na deni la mtu alilalamikia bei. Karani hakugombana naye. Alifunga daftari, akamwambia ajaribu kwingine. Kwingine wapi, Mama Kulwa? Jua likishapanda, sangara asiye na barafu anapoteza thamani kila saa, na boti nyingine iliyokuwa inapita mwalo ule ilikuwa inalipa vilevile. Kijana akawarudisha samaki wake kwenye mizani.

Sasa chukua kipimo chako. Minofu ile inasafirishwa mpaka Ulaya, na anayeila kule hajapandishiwa hata senti moja. Kwa kipimo cha mlaji, hapa hakuna aliyekosewa. Viwanda vikiungana vikabaki viwili, bado utaniambia mlaji yuko salama, pengine hata kapata nafuu, kwa kuwa samaki wamenunuliwa kwa bei ya kutupwa. Kipimo kisichomwona aliyekesha ziwani kina kasoro, na hilo nalisema kwa moyo wote.

Najua kipimo hicho kilikotoka, maana ulinieleza mwenyewe: yule mwanasheria wa Marekani, Robert Bork, na kitabu chake cha 1978, na mahakama za Marekani zilizomfuata. Lakini sheria ya ushindani ya Marekani, ile ya Seneta Sherman, ni ya 1890, na yeye alipoitetea alizungumzia wafalme. Alisema kama hatumvumilii mfalme katika siasa, tusimvumilie pia mfalme wa kuzalisha, kusafirisha na kuuza mahitaji ya maisha. Tena Mahakama ya Juu ya kwao ilimwona muuzaji mapema sana. Katika kesi ya Swift ya 1905, wenye viwanda vya nyama walikuwa wamekubaliana wasishindane bei wanaponunua ng'ombe, na wakazuiwa. Mwaka 1948 ilikuja kesi ya mkulima wa viazisukari wa California dhidi ya wenye viwanda vya sukari waliopatana bei moja ya kununulia, na mahakama ikasema wazi kwamba ulinzi wa sheria hauishii kwa walaji. Hata juzijuzi, mwaka 2022, jaji wa huko aliizuia kampuni ya kuchapisha vitabu ya Penguin Random House isiinunue kampuni mwenzake ya Simon & Schuster, na hoja iliyobeba kesi ilikuwa malipo ya waandishi, wala si bei ya vitabu dukani. Kwa hiyo usiniambie haya ni mambo mapya ya kina Lina Khan, yule aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya biashara ya Marekani.

Kuna jambo moja nakubaliana nawe. Ukiipa sheria malengo kumi, afisa atachagua analolitaka kutegemea nani kampigia simu. Afrika Kusini kwenye sheria yao ya 1998 wameweka ajira, biashara ndogo na umiliki wa waliobaguliwa, na kwa historia yao nawaelewa. Mimi siombi yote hayo. Naomba kitu kimoja: anayeuza awe na mtu mwingine wa kumuuzia, kama vile anayenunua anavyotakiwa awe na duka lingine la kwenda.

Na nisifikiriwe nawapenda wanyonge kiasi cha kufumba macho. Wazee wetu wa pamba walichoshwa na mizani ya wafanyabiashara, na mwaka 1955 chini ya Paul Bomani wakaunda muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria. Ulikuja kuwa mkubwa mno, ukashika pamba yote ya kanda hii, na baba yangu, aliyeusifu ujanani, baadaye alikuwa akinung'unika makato na malipo ya kuchelewa kama alivyomnung'unikia mfanyabiashara. Mnunuzi akiwa mmoja ni mmoja tu, hata akiwa na jina letu.

Sheria yetu ya ushindani ya 2003 ilianza vizuri. Inasema shabaha ni ustawi wa watu wa Tanzania kwa ujumla. Halafu inapotaja namna ya kufika huko inataja ufanisi, ubunifu, mgawanyo mzuri wa rasilimali, na kumlinda mlaji. Mvuvi yumo kwenye "watu kwa ujumla", lakini mkishuka kwenye orodha hamwoni. Hapo ndipo ninapotaka wanasheria kama wewe mpashupalie.

Na kuna la haraka zaidi. Shemeji na wenzake wanazungumza juu ya kuwa na barafu yao na kukubaliana bei ya chini ya kuuzia. Mtu kawatisha kwamba huko ni kupanga bei, watashtakiwa. Bunge la Marekani mwaka 1934 liliwaruhusu wavuvi kuungana kuvua, kusindika na kuuza pamoja, na waziri akapewa uwezo wa kuwazuia wakipandisha bei kupita kiasi. Wewe unajuana na watu wa Tume ya Ushindani. Waulize wavuvi wa hapa wafuate njia gani, uniandikie kwa maneno ambayo naweza kuwasomea mwaloni, na ufanye hima kabla hawajakata tamaa.

Wasalimie Kulwa na Doto. Mama kaenda Ukerewe msibani, atarudi wiki ijayo, na anakusalimu sana.

Wako,
Mama Ester