Begi lilibaki njiani, sherehe ikapita

Mhariri,

Alfajiri ya Jumatano nilisimama kwenye mkanda wa mizigo uwanja wa ndege hapa Dar mpaka likabaki boksi moja linazunguka peke yake. Si langu. Begi langu, lenye nguo za sendofu ya mtoto wa kaka yangu, lilibaki tulikobadilishia ndege. Dada wa kaunta akasema, “Mama, nenda tu nyumbani, tutakupigia.” Nusura niondoke! Mpakia mizigo mmoja akaninong’oneza: usitoke bila fomu yenye namba. Nikarudi, nikaandikiwa.

Simu ilikuja siku ya nne. Sendofu nilishaihudhuria na gauni la kuazima, limenibana kwapa usiku kucha. Na begi lenyewe zipu imeng’oka.

Risiti za Kariakoo ninazo: kanga, chupi, mswaki. Nimedai kwa maandishi, kwani Mkataba wa Montreal wa 1999 wa safari za ndege za kimataifa, ambao Tanzania imeuridhia, unatoa siku 21 za kulalamika tangu upokee mzigo uliochelewa, na siku 7 tu kwa ulioharibika. Mbona hayo hayabandikwi pale pale kwenye mkanda, kwa Kiswahili?

Shangazi wa bibi harusi,
Mbagala, Dar es Salaam