Mkoba una mashine ya presha, hauna swali la usingizi

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi huwa nafunga kibanda changu Gikomba mapema, napitia duka la dawa, kisha nashuka hadi stendi ya Machakos Country Bus na bahasha mkononi. Ndani mna dawa za presha na za sukari za mjomba wangu, anayeishi Ukambani. Namkabidhi makanga, nalipa kama mzigo. Mara nyingi nakuta wengine hapo wakituma dawa vilevile, kwa mama, kwa baba, kwa nyanya. Nairobi imegeuka stoo ya dawa ya vijiji vyetu.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini, wakapewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Ilikuwa hatua ya maana, kwani utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuwa umeonyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Mhudumu wa kwetu ni mama jirani ambaye anajua kila boma na mbwa wake. Ndiye aliyegundua presha ya mjomba na kumwelekeza zahanati. Mjomba alitembea hadi huko, akaambiwa dawa zimeisha, ajaribu wiki ijayo. Hapo ndipo safari za bahasha zilipoanza.

Mwaka jana tulikuta bahasha tatu juu ya kabati lake, hazijafunguliwa. Tulimkemea. Tulimwita mkaidi, na shangazi mmoja akasema ni uzee, mwingine akanong'ona kuwa amerogwa. Kumbe tangu mkewe azikwe mzee hapati usingizi. Shamba alikuwa ameliacha magugu, na mbuzi wake, ambao kila mmoja ana jina, alimwachia kijana wa jirani awachunge. Presha yake ilikuwa imepimwa mara kadhaa katika kipindi hicho chote. Hakuna aliyemuuliza analalaje, nami nikiwemo.

Mtu aliyevunjika moyo hamezi dawa, hata ukimletea mlangoni. Na kuugua sukari miaka nenda miaka rudi kwenyewe kunachosha roho. Ndiyo maana sielewi kwa nini magonjwa ya mwili na ya akili yanatenganishwa, kila moja na bajeti yake na mafunzo yake, kana kwamba kichwa cha mgonjwa kinaishi kijiji kingine.

Kuna maswali mawili mafupi ambayo wahudumu wa afya hutumia kwingi duniani: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Hayahitaji betri. Kule Zimbabwe, tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza, na mpango huo umepimwa kisayansi ukaonekana unasaidia. Sisi nyanya tunao, na benchi chini ya mwembe zipo. Kinachokosekana ni mafunzo, na marupurupu yanayofika kwa wakati, maana mama jirani naye hawezi kuketi saa nzima na mzee huku kwake jikoni hamna unga.

Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 janga hili litangazwe dharura ya kitaifa. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini akizidiwa, jina linalotajwa kwanza bado ni Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi iliyofunguliwa 1910, na nauli ya kumfikisha huko huchangwa kama ya matanga.

Mjomba ameanza tena kumeza dawa, baada ya mama jirani kumtembelea jioni kadhaa bila mkoba. Wizara ya Afya na magavana watuambie: maswali hayo mawili yataingia lini kwenye kazi ya wahudumu hawa, na dawa zitapatikana lini zahanati ili tuache kuwatuma makanga?

Mfanyabiashara,
Gikomba, Nairobi